Swali la Stesheni

Kila mwaka mashindano yakikaribia mnanigongea mlango hapa Section 58. "Niaje, shosho," mnasema, na mnajua kabisa mimi ni Mbukusu na kwetu bibi haitwi shosho. Halafu mnajaza viti vyangu na vitabu vyenu vinene vya maswali na majibu, mnataka niwaambie mwaka huu kutaulizwa nini. Sijui. Sikuwahi kuwa mtu wa majibu. Kazi yangu ilikuwa kuuliza, na kuuliza ni ufundi kama kunyoa nywele: ukiharibu, mji mzima unaona, ukifanya vizuri, hakuna anayekutaja.

Mtaniwia radhi nikizungumza nikitembeatembea. Sijui kutulia. Hata jukwaani nilikuwa natembea, mpaka watoto wa shule moja ya Gilgil wakanipa jina la Pendulamu.

Nilipata kazi hiyo kwa sababu ya sauti. Baba alikuwa fundi wa reli na tuliishi landi, zile nyumba za safu za wafanyakazi kando ya yadi ya treni, na mtoto wa landi hujifunza kusema juu ya kelele za injini. Nilipotoka chuo cha ualimu nikapewa darasa la tano hapa Nakuru. Wakati huo ukumbi wa mji ulikuwa na mashindano ya maarifa, haya mnayoyaita chemsha bongo, na shule zilikuja kutoka Naivasha mpaka Molo. Kipaza sauti hakikuwepo. Bwana aliyekuwa akisoma maswali alikuwa na sauti ya mtu anayeungama kwa padri, na watoto wa viti vya nyuma walikuwa wakijibu maswali ambayo hayakuulizwa.

Mwamuzi alikuwa Mzee Abdalla, mkalimani wa korti, mtu wa mtaa wa Bondeni ambaye babu zake walikuja kutoka pwani na misafara. Siku moja alinisikia nikimkaripia mtoto upande wa pili wa uwanja. Akamwendea mwalimu mkuu wangu. "Yule binti nipe mimi," akamwambia. "Sauti yake inafika Njoro bila nauli."

Alinifundisha barazani kwake jioni baada ya korti, mkewe akituletea kahawa ya tangawizi. Jambo la kwanza alilonifundisha lilikuwa uso. Usimtazame anayejua. Usiinue sauti ukifika kwenye neno lenye uzito. Ukisoma "Je, nyangumi ni samaki?" kwa sauti inayocheka, umeshajibu mwenyewe. Alinisomesha maswali huku amekaa mbele yangu kama hakimu, na kila nilipokonyeza jibu kwa nyusi bila kujua, aligonga sakafu kwa bakora. Nilirudi nyumbani nyusi zinauma.

Jambo la pili lilikuwa mlango. "Swali zuri ni chumba chenye mlango mmoja, mwanangu. Kabla hujalipeleka mbele za watu, lizunguke. Ukiona mlango wa pili, uzibe."

Nilidhani nimeelewa. Mashindano yaliyofuata nikauliza: taja ziwa la maji yasiyo na chumvi katika Bonde la Ufa hapa Kenya. Kichwani nilikuwa na Naivasha. Mvulana mmoja mwembamba akapiga kengele akasema, "Baringo." Nikamwambia amekosa. Akaketi akiwa amekunja uso, na mimi nikaendelea na swali la sayari, nikifurahia sauti yangu.

Muhula uliofuata baba yake alikuja. Alikuwa amekuja kutoka Marigat, karibu na ziwa hilo, na chupa ya maji yake yenye rangi ya chai ya maziwa, imezibwa na gunzi la mahindi. Akapanda jukwaani mbele ya shule zote. "Mwalimu, kunywa," akasema.

Nikatazama ile rangi. Nikamtazama Mzee Abdalla. Mzee Abdalla akatazama dari.

Nikanywa. Hayakuwa na chumvi. Ukumbi mzima ukalipuka, na mvulana wake akapewa pointi yake hadharani. Tangu siku hiyo sijaandika swali bila kulizunguka. Nawaambia ninyi pia: chupa ya yule mzee itawajia siku moja.

Kengele niliyoitaja ilikuwa ya baiskeli. Ninyi mna vitufe vinavyowaka taa. Sisi kila timu ilikuwa na kengele ya baiskeli iliyofungwa kwenye ubao, na nahodha alikaa kidole gumba kikiwa tayari. Ilikuwa ikishika kutu, na kuna timu za Elburgon zilikuja na mafuta yao ya cherehani kwenye kichupa. Wengine walikuwa na hila nyingine. Nilipouliza makao makuu ya serikali ya Uganda, ambayo siku hizo yalikuwa Entebbe, mvulana mmoja alijibu, "Kampala, Entebbe na Jinja. Mwalimu achague."

Ndipo Mzee Abdalla akaweka sheria yake kali: jibu lenye nyongeza ni kosa. Mtu aseme anachojua, akinyamaza amemaliza, na akiongeza kitu nje ya kilichoulizwa amejiharibia. Niliipenda sheria hiyo. Ilitusafishia kazi. Shikeni neno hilo, maana ndilo lililotufikisha kwa Wambui.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ikipigana na wapiganaji wa msituni na kumshuku kila Mkikuyu. Siwezi kuwaeleza vile hewa ilivyokuwa. Hakuna aliyekaa akatulia. Ukienda sokoni kulikuwa na kizuizi cha askari, ukirudi kizuizi kimehama. Timu zilikuwa zinafika zimepungukiwa watu, na hukuuliza kwa nini. Msimamizi wa ukumbi, Mzungu mmoja mwembamba ambaye hakuwa mtu mbaya ila alikuwa na hofu ya kila kitu, alitaka kusoma tafsiri ya Kiingereza ya maswali yangu yote kabla ya siku yenyewe. Alikata swali la mlima wa pili kwa urefu Afrika. Nikamuuliza kulikoni, jibu ni Mlima Kenya, kila mtoto anajua.

"Siku hizi mlima ule ni siasa," akasema.

Nikaweka mahali pake swali la reli. Nilitoka landi, reli naijua. Niliandika hivi: Taja, kwa mfuatano, stesheni ambazo treni ya abiria ya mchana husimama, kutoka Nakuru hadi Nairobi. Nililizunguka vizuri. Niliandika "ya abiria" kwa sababu ya mizigo husimama popote, na "ya mchana" kwa sababu ya usiku huruka nyingine. Msimamizi akalisoma, akasema hilo ni swali safi. Nikalitia kwenye bahasha ya fainali, bahasha ikafungwa kwa lakiri, kama ilivyokuwa desturi yetu.

Sasa Wambui. Alikuwa msichana wa darasa la nane, nahodha wa timu ya shule ndogo ya shamba la Mzungu mmoja upande wa Molo, huko juu kwenye pareto na baridi. Mwalimu wao alikuwa Kiprono, Mkipsigis mrefu aliyeendesha baiskeli mpaka stesheni akiwa amebeba mtoto mmoja nyuma na mmoja mbele, kisha akirudi kumchukua wa tatu. Shule yake ilikuwa na chumba kimoja na ramani moja. Lakini Wambui alikuwa na kitu ambacho mwalimu hawezi kumpa mtoto: hakuogopa kukaa kimya. Wengine wakipigapiga kengele kwa pupa, yeye alinyamaza mpaka swali liishe, halafu kidole chake kinashuka mara moja. Nusu fainali waliwatoa Naivasha. Zawadi ya fainali, kwa nahodha wa timu itakayoshinda, ilikuwa nafasi ya bweni na karo mpaka mwisho wa shule ya sekondari. Kwa mtoto wa kibarua wa pareto, hakuna barabara nyingine iliyokuwa ikitoka pale shambani.

Jumamosi ya fainali nilifika ukumbini mapema, kama kawaida yangu ya kushindwa kulala kitandani. Nikamkuta Mwalimu Kiprono ameketi kwenye ngazi na wavulana wawili.

"Wambui yuko wapi?" nikauliza.

"Iko hapa hapa Nakuru."

"Basi mwite aingie."

Akainua uso. Macho yake yalikuwa mekundu. "Iko kambini, mwalimu. Malori ilikuja kwa shamba juzi. Wamechukua Wakikuyu wote. Wazee, watoto, kuku, sufuria, yote. Wanapelekwa rizavu na treni ya kesho."

Kambi hiyo ilikuwa nje kidogo ya mji, mahema na waya, mahali pa kuwakusanya watu waliotolewa mashambani kabla ya kurudishwa rizavu, zile sehemu zilizosemekana ni kwao. Tuliipita kila siku tukitazama upande mwingine. Babake Wambui alikuwa ameshachukuliwa miezi iliyotangulia, na hakuna aliyejua alikopelekwa. Sasa Wambui alikuwa humo na mama yake.

Sheria yetu ilisema timu ni watu watatu, na nahodha lazima awepo. Kiprono aliijua sheria. Hakuwa amekuja kuomba. Alikuja kwa sababu wale wavulana wawili walikataa kubaki Molo.

Nilikwenda Bondeni nikikimbia. Mzee Abdalla alikuwa akinywa chai. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe, akavaa koti lake la korti juu ya kanzu, lile jeusi. "Twende tukatafsiri," akasema, na tukaenda kwa miguu mpaka lango la kambi.

Afisa wa kambi alimfahamu kutoka kortini. Aliketi nyuma ya meza ya mbao, jasho likimtoka, na nje ya hema lake watu walikuwa wamekaa juu ya mizigo yao, mtu na godoro lake, mtu na mlango wa nyumba yake aliokuwa ameung'oa akaja nao. Sijasahau yule aliyekuja na mlango.

"Mashindano?" afisa akauliza. "Ya mbio?"

"Ya akili, bwana," Mzee Abdalla akajibu. "Ni alasiri hii tu. Ataletwa na atarudishwa."

"Na akitoroka?"

Mzee Abdalla aliigusa pete yake. Najua alichukia alichotaka kusema, maana alikitazama kidole chake cha pete badala ya kumtazama mtu. "Hawezi kutoroka, bwana. Mama yake unaye wewe."

Afisa akatikisa kichwa kukubali, kana kwamba ameelezwa jambo la busara. Akaita askari mmoja amsindikize.

Wambui alitoka katikati ya watu akiwa na sare yake ya shule. Alikuwa ameivaa chini ya nguo nyingine siku walipobebwa, mama yake akimwambia kila alichovaa hakitapotea. Hakutuuliza tunakwenda wapi. "Wenzangu wamekuja?" aliuliza, akimaanisha wale wavulana wa timu. Tukamwambia wamekuja. Akaanza kutembea mbele yetu, haraka, mpaka yule askari akawa anakimbiakimbia nyuma na bunduki yake kumfikia.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Timu nyingine ilikuwa ya shule ya mjini, imefunzwa vizuri na mwalimu aliyeitwa Hezekia, mtu makini, mwenye miwani, ambaye kwa haki kabisa alitaka mwanafunzi wake apate ile nafasi. Nahodha wao alikuwa mvulana mpole, mwana wa mjane. Nasema hivi ili msije mkadhani upande mmoja ulikuwa wa malaika.

Nilianza kutembea jukwaani. Miguu yangu haikunitii, ilikuwa inataka kwenda kwa kasi kuliko maswali. Sayari. Mfupa mrefu kuliko yote mwilini. Nchi iliyozungukwa na nchi nyingine pande zote. Kengele zililia zamu kwa zamu, pointi zikapanda sambamba. Yule askari alikuwa amesimama mlangoni. Kufika swali la mfupa alikuwa amevua kofia, la nchi alikuwa ameketi kwenye benchi la mbele, na nilipouliza mdudu asambazaye malale akajibu yeye kwa sauti, "Ndorobo!"

"Askari, nyamaza!" nikasema.

Hakuna msichana Mwafrika aliyekuwa akimwambia askari mwenye bunduki anyamaze, si mwaka ule. Askari akanitazama. Halafu akaziba mdomo wake kwa kofia, na watu wakacheka mpaka msimamizi akagonga meza. Swali hilo likafutwa.

Mwishoni walikuwa sawa. Kwa sheria yetu lilibaki swali moja la kukata, atakayepiga kengele kwanza na kujibu sawa ameshinda, akikosa wengine wameshinda. Nikapasua lakiri ya ile bahasha. Nikaona mwandiko wangu mwenyewe. Stesheni.

Nilisimama. Kwa mara ya kwanza katika kazi ile, nilisimama mahali pamoja. Kesho yake asubuhi yule mtoto angepandishwa treni, katika mabehewa ya kufungwa, kwenye njia ileile. Na mimi nilikuwa nimeandika, kwa majivuno ya mtoto wa landi, swali la kumtaka aisimulie mbele za watu. Nilimtazama Mzee Abdalla. Ningeweza kusema karatasi imelowa, ningeweza kuuliza lingine lolote, hata la mvua. Yeye akatikisa kichwa polepole: lililofungwa ndani ya bahasha ndilo linaloulizwa. Ukibadilisha kwa huruma leo, kesho utabadilisha kwa chuki.

Nikasoma. Nilisoma mara mbili, nyusi zangu zimetulia.

Nahodha wa mjini alikuwa na midomo inayotembea, anazihesabu kichwani. Kidole cha Wambui kikashuka.

Akasimama. "Gilgil," akasema. "Naivasha. Longonot. Uplands. Limuru. Kikuyu. Nairobi."

Ilikuwa sawa yote. Nikavuta pumzi niseme hivyo. Lakini hakuketi. Alikuwa akitazama mbele, si kwangu.

"Thika," akasema. "Maragua. Sagana. Karatina."

"Wambui," nikamwambia, sauti yangu hii inayofika Njoro ikiwa haifiki hata meza ya mbele, "umeulizwa mpaka Nairobi."

"Najua, mwalimu. Lakini mimi sishuki Nairobi. Nashuka Karatina. Wanasema ni kwetu." Akafikiri kidogo. "Sijawahi kufika."

Ndipo akaketi.

Mwalimu Hezekia alikuwa ameshasimama. Najua hakuifurahia kazi aliyokuwa akiifanya. "Sheria ni sheria," akasema. "Jibu lenye nyongeza ni kosa. Wanafunzi wangu wamenyimwa pointi kwa sheria hiyo hapa hapa."

Ilikuwa kweli. Msimamizi wa ukumbi, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni, akainama kwa Mzee Abdalla. Masikio yake yalikuwa yamesikia jambo lisilo safi. "Amesema nini huyo msichana?"

Nilimwona Mzee Abdalla akijinyoosha vile alivyojinyoosha kortini. Miaka yote aliyotafsiri, alijisifu kwamba hakuwahi kuongeza neno wala kupunguza. "Anasema, bwana," akamwambia kwa Kiingereza, "kwamba njia ya mbele ya Nairobi anaijua pia."

Msimamizi akaridhika. Mzee Abdalla akanigeukia. "Na sheria? Swali ulilitunga wewe. Toa uamuzi wako, nami nitasema kama naukubali."

Vijana, hapo ndipo mtu hujua kama kazi yake anaijua au aliivaa tu. Sikuwa na haki ya kumpa kwa sababu alikuwa na huzuni. Yule mwana wa mjane naye alikuwa amekaa pale. Nikarudi kwenye swali lenyewe, neno kwa neno, kama alivyonifundisha. Nikaanza tena kutembea.

"Sheria ya nyongeza," nikasema, "tuliiweka kwa ajili ya mtu asiyejua, anayetupa majibu matatu ili moja lipate. Swali lilisema kutoka Nakuru hadi Nairobi. Swali hili lina mwisho wake ndani yake. Alipofika Nairobi, alikuwa amelimaliza, kwa mfuatano, bila kosa, na mimi nilikuwa nimefungua mdomo kumpa pointi. Alichosema baada ya hapo hakikuwa jibu. Hakuna aliyemuuliza. Ni habari zake mwenyewe."

Mzee Abdalla akasema, "Nimekubali."

Mwalimu Hezekia alivua miwani. Nahodha wake akamvuta koti. "Alimaliza, mwalimu," yule mvulana akasema. "Hata mimi nilisikia alimaliza." Hezekia akaketi. Mwaka uliofuata mvulana huyo alirudi akaipata nafasi ya pili iliyotolewa, na nilifurahi kuliko nilivyomwonyesha.

Hakukuwa na shangwe kubwa. Kiprono alilia wazi, jambo ambalo wanaume wa kwao hawalifanyi. Askari akasema saa imefika. Wambui akawapa mkono wavulana wa timu yake, mmoja mmoja, kama mtu mzima, akatoka. Asubuhi yake nilisikia treni ikipiga honi kutoka yadini na nikawa nazunguka chumba changu mpaka sauti ikaisha kabisa.

Kuanzia hapo kazi yangu ikawa miguu. Nafasi anayo, na mwenye nafasi yuko nyuma ya amri ya serikali. Shule zilipofunguliwa Januari kitanda chake kilikuwa kitupu. Mwalimu mkuu wa ile shule ya wasichana akaniambia angekishikilia, lakini si milele. Nilikwenda ofisi ya wilaya, wakanituma ofisi ya mkoa. Ofisi ya mkoa wakanituma kwa yule aliyenituma. Nilijifunza kwamba karani akisema "rudi kesho" anataka uchoke, na mimi kuchoka sijui. Mzee Abdalla kila alipomkuta afisa mkubwa kortini alimnong'oneza. Baada ya miezi mingi, shule zikiwa zimefungwa kwa likizo ya Agosti, ruhusa ilitoka: msichana anaweza kusafiri kwenda shule na kukaa huko. Mama hapana.

Nikapanda treni kuipeleka mwenyewe. Kama ningeituma, ingelala kwenye meza ya mtu.

Kijiji walichowekwa kilikuwa juu ya Karatina, vibanda vipya vya nyasi vimesongamana ndani ya uzio, na kuzunguka uzio kulikuwa na handaki lenye vigingi vilivyochongwa. Handaki halikuwa limekwisha. Wanawake ndio waliokuwa wakilichimba, wamejipanga, kila nyumba ikitoa watu wake, na mlinzi amesimama juu. Nilimtafuta kwa macho mpaka nikamwona, amekonda, amejifunga kitambaa kichwani, jembe mkononi, kando yake mama yake.

Mlinzi alisoma karatasi yangu juu chini, akampa Wambui ruhusa ya kupanda juu azungumze nami. Nilimweleza. Kitanda kipo, karo ipo, ruhusa hii hapa. Nilisema haraka haraka, nikitembea ukingoni.

Hakuichukua ile karatasi. "Siwezi, mwalimu."

"Kwa nini?"

"Kila nyumba ina kipande chake cha kuchimba. Chetu sisi ni wawili. Nikienda, mama atachimba cha wawili peke yake." Akashusha sauti. "Ana kifua."

Mimi niliyelipwa kuuliza, nilitafuta swali moja la kumuuliza yule mtoto nisilipate. Nilijua ni kweli. Nilikuwa nimekisikia kile kikohozi kutoka juu.

Mama yake alikuwa ametuona. Akapanda ukingo na jembe lake, kwa mikono na magoti, tope mpaka kiunoni, na mlinzi akamfokea lakini hakugeuka. Alikuwa mwanamke mfupi, hajui Kiswahili ila cha shambani. Alimuuliza bintiye jambo kwa Kikuyu. Wambui akajibu kwa kifupi, macho chini. Mama akaitazama karatasi mkononi mwangu. Kisha akasema maneno machache, polepole, na kila neno lilimfanya Wambui atikise kichwa kukataa.

"Anasema nini?" nikauliza.

Wambui aligeuza uso kulitazama handaki.

"Wambui. Mama anasema nini?"

Akafuta uso kwa mkono wenye udongo. "Anauliza kama mabweni yana baridi. Nimemwambia siendi, mama, nitabaki tuchimbe." Akamtazama mama yake. "Anasema hajaniuliza kama naenda. Ameniuliza kama kuna baridi."

Nikamwambia mama, kwa Kiswahili cha shambani, kwamba blanketi zipo, mbili kwa kila mtoto. Aliitikia kwa kichwa. Akalichukua lile jembe kutoka mkononi mwa bintiye, akateremka nayo yote mawili handakini.